Pumzi Niliyomfundisha Lali

Esha binti yangu,

Salamu umepewa za kutosha tangu asubuhi, na dua umeombewa hata na watu ambao mwaka mzima hawakuuliza hali yako. Mimi sina ya kuongeza. Alasiri imeshaswaliwa, niko chumba cha juu, mlango nimeutia komeo, na nawasikia shangazi zako huko chini wakibishana kama mahamri yatiwe kwenye ndoo au kwenye kikapu. Ukiwaachia utafika bara na chakula cha kulisha kituo kizima cha polisi. Wanakuambia uvae sweta, usikae dirishani ndani ya basi, usimpe mtu mkoba akushikie. Ni maneno mazuri, na utayasahau kabla hujavuka Mokowe. Mimi sitakuambia hata moja.

Ninakuandikia kwa sababu naogopa. Nataka ulijue hilo mwanzo, usije ukadhani babako amepata ujasiri uzeeni. Ningaliweza kuendelea kunyamaza, ningalinyamaza. Lakini unakwenda kusomea utabibu, na siku moja, sijui mwaka wa kwanza au wa pili, mwalimu atasimama ubaoni achore ubongo, achore na shina lake pale linaposhukia shingoni, aeleze ni nini kinachomfanya mtu avute pumzi. Utakuwa umekaa kati ya watu usiowajua. Na kwa akili uliyo nayo, kabla hajaweka chaki chini utakuwa umeshajua ni nani aliyemuua kaka yako.

Sikutaka ulijulie huko. Na nikuambie kweli yote, sikutaka pia ulijue kabla sijapata nafasi ya kulisema mwenyewe. Hata katika hili nimejifikiria mimi kwanza. Nimezoea.

Kiwayu unaikumbuka kwa vipande, maana tulihamia hapa Wiyoni ukiwa na miaka kumi. Unanijua kama fundi wa mashine za boti, mtu wa grisi na kelele. Huko nilikuwa mzamiaji wa kamba mawe, na jina langu lilikuwa kubwa. Vijana walipanda boti Mtangawanda wakaja Kiwayu kujifunza kwangu, wakanibebea miwani ya kuzamia na kuniita mwalimu. Niliipenda sifa hiyo kuliko nilivyopenda chakula. Mama yako alinicheka, akisema nikitembea kifua kinafika nyumbani kabla yangu.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kamba mawe hukaa ndani ya tundu la mwamba, ndevu zake ndefu zikichungulia nje. Ukimvuta ndevu zinakatika, naye anajikaza ndani. Kwa hiyo unashuka na pweza uliyemfunga kwenye kijiti, unamwingiza kwa upande wa pili wa tundu. Kamba anamwogopa pweza kuliko anavyomwogopa mwanadamu. Atatoka mwenyewe, na hapo unamshika mgongo. Lakini lazima uwe na muda wa kukaa chini ukimsubiri. Mwenye pumzi ndefu anapanda na kamba wawili watatu, na mwenye pumzi fupi anapanda na pweza wake tu.

Ufundi wangu ulikuwa kupuliza. Kabla ya kushuka nilikaa ukingoni mwa mashua nikavuta na kutoa pumzi haraka haraka, kwa nguvu, mara thelathini, arubaini, mpaka midomo inakufa ganzi, vidole vinachezacheza, na kichwa kinakuwa chepesi. Kisha navuta pumzi moja kubwa na kushuka. Chini huko sikuwa na haja ya hewa. Wenzangu walianza kubanwa kifua na kupanda mbio, mimi bado natazama samaki. Niliamini najaza mapafu hewa ya akiba. Kila niliyemfundisha aliamini hivyo, kwa sababu mimi nilisema.

Lali, kaka yako, nilimfundisha akiwa na miaka kumi na mbili. Mara ya kwanza alipiga mayowe kuwa mikono inamtetemeka. Nikamwambia, "Puliza, usitie hofu. Zanda zikifa ganzi, yuwa kifua kimefunguka." Akapuliza, akivitazama vidole vyake. Alikuwa mtoto wa kusikia, kinyume na watu wanavyomsimulia sasa, eti alikuwa mkaidi, eti alipenda kujionyesha. Mwenye kujionyesha nilikuwa mimi. Yeye alipenda kula, kulala, na kukuchokoza wewe. Alikula sehemu yako ya wali kisha akakuapia kuwa paka ndiye aliyekula.

Kwetu hakuzamiwi bila mtazamaji. Desturi hii alituachia babu yako. Mtu mmoja hukaa kwenye mashua na tasbihi mkononi, na mara tu kichwa cha mzamiaji kinapozama anaanza kuvuta punje, taratibu, Subhanallah moja kwa punje moja. Zikifika sitini na sita anasema, "Zimetimia." Aliye juu hamuulizi kitu. Anajitupa majini akamtoe mwenzake. Babu yako aliweka idadi hiyo akiwa mtu asiyepuliza. Nilikuja mimi nikaongeza kupuliza kwangu, nikaiacha idadi ya mzee vile vile, kana kwamba sikugusa kitu.

Wewe ulianza kushika tasbihi siku za likizo, ukiwa na miaka tisa. Wanawake wa Kiwayu walinisema, mtoto wa kike anafanya nini miambani. Lakini hapakuwa na mtu anayehesabu kama wewe. Wavulana walikimbiza punje au walisahau wakitazama ndege. Wewe hukukosea hata mara moja. Lali akakupa jina la Bi Hesabu, na ulikuwa ukilipenda ingawa ulijifanya kukasirika.

Siku aliyokufa unaijua kama nilivyokusimulia mimi. Nilikusimulia hivi: bahari ilikuwa shwari, jua kali, ukasinzia na tasbihi mkononi. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye tezi, nyuma ya mashua, nalishughulikia sikio langu lililokuwa likiuma, nikitegemea wewe utasema. Hukusema. Nilipogeuka, Lali alikuwa amelala chini ya maji, juu ya mchanga, kando ya mwamba, uso umetulia, kijiti bado kiko mkononi. Hapakuwa na dalili ya kupapatika. Watu wakasema wenyewe wa bahari, wale wasioonekana, wamempenda wakamchukua usingizini, na kwamba walianza kwa kumlaza mtazamaji. Hata walipotaka kukuonea huruma walikuacha na hatia yako.

Jinsi ulivyoishi baada ya hapo sihitaji kukueleza, lakini nataka ujue kuwa niliona. Niliona watoto wa madrasa wakikuita Kisinzia, nami nilikuwa napita, nikapita. Niliona mama yako alipojifungua Zainabu asikuachie umshike peke yako, hata aende uani mara moja. Hakukutukana. Alimchukua mtoto mikononi mwako kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. Niliona ukianza kuhesabu. Mama yako akijilaza baada ya adhuhuri, ulikaa karibu na kitanda, midomo ikicheza bila sauti, ukihesabu pumzi zake. Ulimhesabu Zainabu, ukawahesabu na wageni. Umeifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Watu wanasema binti wa Shee anakwenda kusomea utabibu kwa sababu ana moyo wa huruma. Waache waseme. Mimi najua ni nani aliyekutia njia hiyo.

Sasa nikuambie kuhusu daktari Kyalo.

Alikuja zahanati ya hapa miaka miwili baada ya kifo cha Lali. Kijana wa Ukambani, mrefu, mcheshi, bahari alikuwa hajaiona ila kwenye picha. Ulikuwa na miaka kumi na moja, labda unamkumbuka, ndiye aliyekutibu jipu la mguuni. Alitaka kujua kuogelea, na baada ya kuogelea akataka kujua kuzamia. Mimi nilikuwa nimeshaacha kuzamia, lakini mtu akiniita mwalimu bado kichwa kilivimba. Nikampeleka kwenye maji ya kiuno. Nikamwonyesha jinsi ya kupuliza. Nilipofika kama pumzi ya ishirini alinishika bega.

"Mzee, ngoja kwanza. Unafanya nini?"

"Nafungua kifua. Najaza hewa."

"Hakuna hewa unajaza. Unazima kengele."

Nilidhani anatania. Tukakaa kwenye mchanga, naye akanieleza kwa ustaarabu, kama mtu anayemweleza mzee wake. Akaniwekea kidole kisogoni, chini kabisa, pale fuvu linapokutana na shingo. Akasema ndani ya hapo kuna shina la ubongo, na kwenye shina hilo kuna kundi la seli ambalo kazi yake ni kuupiga mwendo wa pumzi, usiku na mchana, ukiwa macho au umelala. Kando yake kuna seli nyingine zinazoonja. Ndivyo alivyosema, zinaonja. Zinaonja damu na maji yanayouzunguka ubongo, kila dakika.

"Sasa mzee, unadhani zinaonja nini?"

"Hewa safi," nikasema. "Zikikosa zinapiga kelele."

"Kila mtu anadhani hivyo. Zinaonja ile chafu, ile tunayotoa, hewa ukaa. Ikizidi, damu inakuwa kali, kama kitu kilichotiwa ndimu kidogo. Zikionja ule ukali ndiyo zinaamrisha kifua, vuta, vuta. Ile kiu ya hewa unasikia ukizama, inatoka hapo."

Nikajigusa kisogo. Akaendelea, maana alipenda sana kufundisha, maskini.

"Ukipuliza vile, hewa safi huiongezi sana. Damu ilikuwa imeshiba tangu mwanzo. Unachofanya ni kuifukuza ile chafu yote. Sasa unashuka. Zile seli zinaonja, hazioni ukali, zinakaa kimya. Huku hewa safi inaendelea kuisha. Kuna vipimo vingine vidogo hapa shingoni, vyenyewe vinaangalia hewa safi, lakini ukali ukikosekana sauti yao ni ndogo, na vinachelewa. Kwa hivyo mtu hasikii kitu. Habanwi, hapigani. Anajisikia poa kabisa, halafu anazimika kama taa."

"Uso wake unakuwaje?" nikamuuliza.

"Wa mtu aliyelala," akasema. Kisha akanitazama. "Kwani kuna mtu amewahi kufa hivyo hapa kwenu?"

Nikamwambia hapana.

Soma tena hapo, Esha. Mtu ameniuliza kwa nia njema, hakuna mwingine pale ufukweni, nami nimekwisha kujua. Nikasema hapana. Kisha nikamshukuru, nikamwambia jua limekuwa kali, turudi. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nahesabu vijana wote niliowafundisha kupuliza, na ambao bado walikuwa wakipuliza. Nilipofika, wewe ulikuwa kando ya kitanda cha mama yako, midomo inacheza.

Ningeweza kukuambia siku ile, neno moja tu. Ningekuambia, acha kuhesabu, mwanangu, kuna kitu kisogoni mwake kinachomhesabia, hakisinzii na hakihitaji mtazamaji. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Ungelala usingizi wa mtoto kwa miaka mingi. Nikapita nikaenda kuoga.

Utajiuliza kwa nini. Nimejiuliza sana, na kila jibu zuri nililolitafuta halikukaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshazoea kuwa baba aliyefiwa. Watu walininyanyukia wakanipa kiti. Kama ningesema, ningekuwa mtu aliyemuua mwanawe kwa mkono wake, na mwalimu aliyefundisha kifo kwa visiwa vitatu. Nikapima haya mawili nikaona afadhali ubebe wewe. Nilikupenda. Ila nilijipenda mimi zaidi, na tofauti haikuwa ndogo.

Usidhani sikubanwa. Nilibanwa. Lakini kila nilipobanwa nilifunga Jumatatu na Alhamisi, nikatoa sadaka, nikamsomeshea Lali khitma, nikalia kidogo mbele ya watu. Kifua kikawa chepesi, nikaweza kukaa kimya mwaka mwingine. Nilikuwa napuliza, mwanangu, nilichofanya kilikuwa hicho hicho. Ukikutana huko na mtu aliyetulia sana juu ya jambo ambalo lingepaswa kumuumiza, usiuamini utulivu wake. Mimi nilikuwa mtulivu kuliko watu wote wa Wiyoni.

Ukiwa na miaka kumi na tatu ulinijia karakana. Nilikuwa nimefungua mashine ya boti, vipande vimetandazwa juu ya gunia. Ulisimama mlangoni, ukauliza bila kunitazama.

"Baba, siku ile nalilala kweli?"

"Ulilala."

"Nakumbuka kama nalisema. Nakumbuka nalisema zimetimia."

"Umeota. Mtu akitaka sana jambo liwe, huliota."

Ukasema, "Haya, baba." Ukaniokotea nati moja iliyokuwa imeviringika chini ya meza, ukaiweka kwenye gunia pamoja na zenzake, ukaondoka. Hukuuliza tena maisha yako yote. Nilikuua pale mlangoni, ukiwa umesimama, na nikaendelea kufunga mashine ya mtu.

Sikuulizwa na daktari wa bara safari hii. Niliulizwa na wewe, na nilikuwa na majibu yote mkononi. Ya daktari, na yale mengine ambayo daktari hayajui, wala hutayasikia darasani hata ukisoma mpaka uote mvi. Hayo ndiyo yaliyonikalisha hapa leo.

Jana yake, siku moja kabla Lali hajafa, nilikuwa nimekaa na Bwana Kupi, yule mzamiaji mwenzangu wa Kiwayu, mwenye mashua na wanawe wawili. Alikuwa akimsifu mwanawe mkubwa. Nikamwambia mbele ya watu kwamba Lali wangu atakaa chini tasbihi nzima, punje tisini na tisa. Akacheka. Nikaapa. Asubuhi mashua yake ikatia nanga karibu na yetu, na nilijua wametoka kuja kutazama.

Nilimpulizisha Lali mara sitini. Sijawahi kumpulizisha mtu kiasi hicho. Midomo ilikuwa inamtetemeka, na akakucheka kwa sababu hakuweza kutamka jina lako. Kisha akashuka, nawe ukaanza kuhesabu. Sikuwa nimeinama kwenye tezi. Sikio langu halikuwa linauma. Nilikuwa nimekaa mbele yako, goti langu limegusana na lako, namtazama Bwana Kupi anavyotazama maji.

Zilipofika sitini na sita ulisema, "Baba, zimetimia."

Nikakuambia umwache: "Mwate, aongeze."

Ukaendelea kuhesabu, kwa sababu nilikuwa babako. Ulipofika kama themanini ulisema tena zimetimia, ukasimama, mashua ikayumba, ukataka kuuchukua upondo upige maji kumshtua. Bwana Kupi na wanawe walikuwa bado wameinamia maji, nami sikutaka wageuke waone tunamtoa Lali kabla ya tisini na tisa. Nikakuzaba kofi, ukaanguka juu ya mbao za ngamani, tumboni mwa mashua, mdomo ukapasuliwa na jino la mbele. Ukainuka ukiwa umeshika tasbihi bado. Ukamalizia tisini na tisa huku damu inachuruzika kidevuni, ukasema mara ya tatu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Hapo ndipo nilipotia kichwa majini.

Walipokuja kutusaidia kumpandisha, Bwana Kupi aliuliza, "Ni nani aloshika tasbihi?" Nikakuonyesha kwa kidole. "Huyu," nikasema. "Mesinzia." Wewe ulikuwa unamtazama Lali. Sidhani hata ulisikia, mpaka ulipokuja kusikia kwa watu wengine, mara nyingi, mpaka ikawa ndiyo kumbukumbu yako.

Najua hutaniamini. Mtu aliyedanganya miaka kumi na moja hana haki ya kuaminiwa alasiri moja. Utasema baba ameandika haya anipe faraja ya safari. Basi usiniamini mimi, fikiri mwenyewe, kama watakavyokufundisha. Kofi unalikumbuka, kovu liko ndani ya mdomo wako wa chini, unaligusa kwa ulimi ukiwa na wasiwasi. Siku zote umeamini nilikupiga kwa hasira, baada ya kumtoa Lali, kwa sababu ulisinzia. Sasa kumbuka nguo yako. Ile kanzu ya maua, mama yako aliifua mwenyewe siku ile ile, akalalamika kuwa damu ya kifuani imekaukia kwenye kitambaa na haitoki. Damu ile ilikuwa imekauka, na pindoni nguo ilikuwa bado inatiririka maji, kwa kuwa ulimpakata Lali alipotoka baharini. Ingalimwagika baadaye, juu ya nguo iliyokwisha kulowa, ingalitapakaa na maji. Kofi lilikuja mwanzo. Jiulize basi, baba anampiga kwa nini mtazamaji aliyelala, kabla hajajua kuwa kuna mtu amekufa?

Asubuhi ya leo nimemwambia mama yako. Alikuwa anakunja leso zako, za safari. Sikumpunguzia hata neno, nilianzia kwa Bwana Kupi nikamalizia kwa tasbihi. Hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Aliendelea kukunja leso aliyokuwa nayo mpaka ikawa ndogo kama kiganja, kisha akaiweka chini.

"Mwana alisema mara ngapi?"

"Tatu."

"Nawe ukasikia?"

"Nikasikia."

"Zote?"

"Zote."

Akaniambia, "Miaka kumi na moya nimemkataza mwanangu kumshika nduguye." Alilisema mara mbili, mara ya pili akijiambia mwenyewe. Nilitaka kumgusa bega, akaniangalia kwa namna iliyonifanya nirudishe mkono. Kisha akasema nikuandikie, na kwamba ataisoma yeye kwanza aone kama sikudanganya tena, maana wino haumzuii mtu kudanganya. Kwa hiyo barua hii unaipokea mkononi mwake. Kama kuna mahali ameandika pembeni, msadiki yeye.

Ijumaa nitakwenda Kiwayu. Baada ya swala nitasimama mbele ya wale wale niliowaambia umesinzia, na Bwana Kupi yuko hai, alhamdulillahi, atasikia kwa masikio yake. Wapo na vijana wanaopuliza hadi leo, baadhi nimewafundisha mimi na baadhi wamefundishwa na niliowafundisha. Nitawaeleza kuhusu shina la ubongo kama nilivyoelezwa. Wataniuliza kwa nini nimekaa nalo miaka tisa. Huenda wakanipiga mawe, huenda wakanipa kiti tena kwa vile ni mzee. Sijui lipi litaniuma zaidi.

Sikuombi msamaha. Nikiuomba utanipa, nakujua, utanipa haraka ili mimi nipumue, halafu ubaki nao wewe kifuani. Usinipe. Kaa nayo hasira hiyo, isome pamoja na vitabu vyako, na ikikubana sana ipigie kelele, mahali popote, hata darasani. Sikufundishi jinsi ya kuituliza. Nimemaliza kufundisha watu.

Komeo naondoa sasa nimteremshie mama yako karatasi hizi. Nakusikia huko chini ukicheka na Zainabu, sijui kwa nini, na sitateremka kuuliza. Mama yako amesema nisije kukuaga kesho alfajiri, kwamba safari yako haitaki macho yangu juu yake. Sitakuwepo jetini, Esha. Mama yako amenikataza, na mara hii nimesikia.

Babako,
Shee